Kabla ya Kunoa Mkasi: Kondoo Yupi Anafaa Wapi, na Yupi Hasa Hunyolewa

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki huzaliwa, hukua na kuchinjwa bila kuguswa na mkasi hata siku moja, wala hawapungukiwi na chochote kwa hilo. Hata hivyo, mtu anayeanza kufuga leo hukutana na maelekezo mengi ya kunyoa, kukata mikia na kulisha madini ambayo yaliandikwa kwa ajili ya kondoo wa sufu wa nchi za baridi, naye huyafuata kwa moyo safi akidhani kondoo wote ni wamoja. Nimewahi kuonyeshwa huko Kajiado, Kenya, madume wawili wa Dorper, mbegu ya kondoo wa nyama, walionyolewa hadi ngozi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesoma kwamba kondoo asiyenyolewa huugua. Ngozi ya mgongoni ilikuwa imebabuka kwa jua, na tangu saa tatu asubuhi wanyama hao walikuwa wakigombea kivuli cha mgunga mmoja. Mfugaji yule hakuwa mzembe; alikuwa ametii ushauri uliomhusu kondoo mwingine.

Kwa hiyo swali la kunyoa haliwezi kutenganishwa na swali la aina ya kondoo, na swali la aina halijibiki kabla ya kujua mnyama huyo ataishi wapi.

Ngozi ya kondoo huotesha nyuzi za namna mbili: nywele ngumu za juu, na nyuzi laini zilizojikunja chini yake. Kwa kondoo wa mwituni, nyuzi laini huwa nzito wakati wa baridi na kupukutika joto linaporudi. Katika maelfu ya miaka, wafugaji wa Asia ya Magharibi na Ulaya waliendelea kuchagua wanyama ambao nyuzi zao laini zilikuwa nyingi na hazipukutiki, hadi ikapatikana mbegu kama Merino wa Hispania, ambaye manyoya yake hukua mwaka mzima bila kukoma. Mwaka 2015, karibu na jiji la Canberra nchini Australia, alipatikana Merino aliyekuwa amepotea porini kwa miaka kadhaa. Aliponyolewa, sufu yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, mzigo ambao ungemuua kama asingeonekana. Kwa mnyama wa namna hiyo, kunyolewa ni haki yake ya kuishi.

Kondoo wetu wa asili hawamo katika hesabu hiyo. Kondoo mwekundu wa Kimasai, kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi na kondoo wa Wagogo wa Dodoma wana nywele fupi zinazojitunza zenyewe. Dorper yuko katikati: amechanganya nywele na sufu, na koti lake hupukutika lenyewe kuanzia shingoni na tumboni, likiacha kipande mgongoni kinachofanana na blanketi chakavu. Kipande hicho hakipendezi machoni, lakini humkinga mnyama na jua na mvua, nami ningeshauri kiachwe.

Mkia nao una habari zake. Kondoo wa sufu ana mkia mrefu wenye manyoya yanayoshika kinyesi na mkojo. Nzi hutaga mayai hapo, na funza wanaoanguliwa hula nyama ya mnyama aliye hai. Ndiyo sababu wafugaji wa Merino na Corriedale hufunga mkia wa mwanakondoo kwa pete ya mpira katika wiki zake za kwanza, wakibakiza urefu wa kutosha kufunika sehemu za siri. Lakini mkia mnene wa kondoo wa Kimasai ni ghala. Mafuta yaliyowekwa humo wakati wa mvua ndiyo yanayomvusha kiangazi, na wenyewe Wamasai huyathamini kiasi cha kumpa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu. Kumkata mkia kondoo huyo ni kumnyang'anya akiba yake kabla ya njaa kuanza.

Kuna onyo moja tu ninaloweza kulitoa kwa kila mfugaji bila kuuliza anafuga mbegu gani, nalo ni la madini ya shaba. Ini la kondoo huhifadhi shaba na haliiondoi kwa urahisi kama linavyofanya ini la ng'ombe. Chakula cha ng'ombe wa maziwa, cha kuku au cha nguruwe, pamoja na chumvi ya kulamba ya ng'ombe, huweza kuwa na shaba inayotosha kumlimbikizia kondoo sumu kwa wiki au miezi bila dalili yoyote. Halafu siku moja mnyama anapopata msukosuko kidogo, shaba hiyo humwagika katika damu kwa pamoja: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama kahawa, na mnyama hufa ndani ya siku chache. Chumvi ya kondoo inunuliwe ikiwa imeandikwa kwamba ni ya kondoo.

Tuingie sasa katika suala la mbegu, ambalo katika nchi zetu kwa sehemu kubwa ni shindano kati ya Dorper na kondoo mwekundu wa Kimasai. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Usomali. Yaani nusu ya damu yake ilitoka katika pembe hii hii ya Afrika, ikaenda kusini, kisha ikarudi kwetu ikiitwa mbegu ya kigeni. Nchini Kenya, katikati ya miaka ya 1970, madume wa Dorper walisambazwa kwa wafugaji kwa bei ya ruzuku, na waliokuwa na kondoo wa Kimasai walipandisha bila mpango wa kuilinda mbegu yao ya asili. Si vigumu kuona kilichowavutia. Mwanakondoo wa Dorper aliyelishwa vizuri anaweza kufika kilo 35 akiwa na miezi 4, ilhali jike wa Kimasai aliyekomaa mara nyingi huishia hapo hapo. Mnunuzi wa nyama hulipa kwa kilo, na mnunuzi wa Idi hutazama umbo.

Kilichofichika machoni kimo tumboni. Katika tumbo la nne la kondoo huishi mnyoo mwembamba kama uzi, *Haemonchus contortus*, anayenyonya damu. Jike mmoja wa mnyoo huyo hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa penye unyevu, na mabuu hupanda na umande kwenye jani la nyasi, wakikaa zaidi karibu na ardhi. Mbuzi hupenda kula vichaka kwa kichwa kilichoinuliwa, hivyo hukwepa wengi wao. Kondoo hula akiwa ameinama, akikata nyasi karibu na udongo, na hasa akitolewa zizini alfajiri kabla umande haujakauka hula mabuu kwa maelfu. Ndiyo maana mvua nzuri, ambayo mfugaji huifurahia kwa ajili ya malisho, huwa pia msimu wa vifo.

Kondoo mwekundu wa Kimasai ameishi na adui huyo kwa vizazi visivyohesabika, na waliobaki ni wale ambao miili yao inaweza kumzuia. Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi walimlinganisha na Dorper katika mashamba mawili: moja Diani, katika pwani yenye unyevu, na lingine Kapiti, katika nyika kavu ya Machakos. Kule Diani wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi, na mayai ya minyoo katika kinyesi cha kondoo wa Kimasai yalikuwa machache zaidi, kiasi kwamba kundi la kondoo wenye miili midogo lilizalisha zaidi kuliko kundi la wenye miili mikubwa. Kule Kapiti, ambako ukame huua mabuu, tofauti ilipungua sana. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba mbegu fulani ni bora. Hakuna aliyethibitisha kwamba Dorper ni dhaifu au kwamba kondoo wa Kimasai ni mshindi. Kilichothibitishwa ni kwamba swali lisilotaja mahali halina jibu.

Mfugaji hahitaji maabara ili kupima hali ya kundi lake. Mshike kondoo, bonyeza ukope wa juu kwa dole gumba moja huku ukivuta ule wa chini kwa jingine, utazame rangi ya utando wa ndani ukiwa kwenye mwanga wa jua. Ukiwa mwekundu kama nyama mbichi, damu ipo. Ukiwa wa waridi iliyofifia, anza kuwa na wasiwasi. Ukiwa mweupe kama karatasi, mnyama huyo amekaribia kufa hata kama bado anatembea, na mara nyingi utamkuta pia na uvimbe laini chini ya taya unaojaa jioni. Wataalamu wa Afrika Kusini waliufanya uchunguzi huu kuwa kadi ya rangi 5 inayoitwa FAMACHA, na faida yake kubwa ni kwamba dawa hupewa wanaoihitaji peke yao. Desturi ya kunywesha kundi zima dawa kila baada ya miezi 3 imewakomaza minyoo. Wanaosalia baada ya kila dozi ndio wasiosikia dawa, na hao ndio wanaozaa.

Je, chotara? Kizazi cha kwanza cha dume la Dorper na jike wa Kimasai huwa kizuri kweli: mwili umeongezeka, na sehemu ya ustahimilivu imebaki. Kosa hutokea pale mfugaji anapofurahia na kuendelea kupandisha majike hao chotara kwa Dorper, kizazi baada ya kizazi, hadi damu ya Kimasai inakwisha bila yeye kujua. Kisha unakuja mwaka wa ukame mkali au wa mvua nyingi, na zizi linakuwa tupu. Njia iliyo salama zaidi kwa mwenye eneo la kutosha ni kutunza kundi la majike halisi wa Kimasai na madume wao, kupandisha sehemu yao kwa Dorper, na kuuza chotara wote sokoni bila kubakiza wa kuzalisha. Dume mmoja aliyekomaa anatosha majike 30 hivi. Asiachwe kuwapanda binti zake, jambo linalotokea kimyakimya katika mazizi mengi kwa sababu dume hubadilishwa kwa nadra.

Kondoo wa sufu wana nyanda zao, nazo ni chache: sehemu za juu za Kenya zenye baridi kama Molo, Mau Narok, Kinangop na mashamba ya Laikipia na Timau. Hata hapo mbegu hazifanani. Merino, mwenye nyuzi nyembamba kuliko wote, hupenda baridi iliyo kavu, hivyo Timau humfaa kuliko Kinangop, ambako kwato zake huoza katika matope. Romney Marsh alitoka katika vinamasi vya Kent nchini Uingereza na hustahimili unyevu kuliko wenzake, ingawa sufu yake ni nene. Corriedale wa New Zealand, mzao wa Merino na Lincoln, hutoa sufu ya wastani na nyama ya kutosha, na kwa maoni yangu ndiye anayemfaa mkulima mdogo wa Nyandarua anayetaka vyote viwili. Hampshire Down, mwenye uso mweusi, afugwe kwa ajili ya nyama. Sufu yake iwe nyongeza. Kuwateremsha wanyama hawa kwenye nyika ya miiba na joto ni kuwaonea, kwa sababu mbegu za nyasi na miiba hunasa katika sufu, huiharibu, na mara nyingine hutoboa ngozi.

Magonjwa nayo yana sauti katika uchaguzi huu. Ugonjwa wa ulimi wa bluu, unaoenezwa na visubi, hupita kwa kondoo wa asili bila kelele lakini humvimbisha midomo na kumlemaza Merino. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika shamba la kondoo karibu na Naivasha, ambako wanakondoo walikuwa wakifa kwa wingi. Na udongo wenyewe unaweza kuwa adui: katika sehemu za Nakuru mifugo ya walowezi ilidhoofika hadi kufa ikiwa katikati ya nyasi nyingi, hadi ilipogunduliwa kwamba udongo ule wa volkano umepungukiwa na kobalti, madini ambayo vijidudu vya tumboni mwa kondoo huyahitaji ili kutengeneza vitamini B12.

Ikiwa basi mfugaji yuko nyanda za juu na kondoo wake ni wa sufu, mkasi unanolewa. Hunyolewa mara 1 kwa mwaka, na wakati unaofaa kwa Nyandarua na Molo ni Januari na Februari, jua likiwa kali na mvua za masika hazijafika. Julai, mwezi wa ukungu, ni hatari. Siku moja kabla, kondoo wakusanywe mapema na kukaa bila chakula kwa saa 12 au zaidi, kwa sababu mnyama ataketishwa kwa makalio, na tumbo lililojaa hukandamiza mapafu na kumfanya apige mateke. Wasinyeshewe usiku huo, kwani sufu iliyofungwa ikiwa na maji hupata joto, hubadilika rangi na kuoza. Majike wenye mimba iliyokomaa waachwe hadi wazae.

Kazi yenyewe ni ya mwili zaidi kuliko ya mkono. Mnyoaji humketisha kondoo huku mgongo wa mnyama ukiegemea magoti yake, na siri yote ya utulivu iko hapo: kondoo ambaye miguu yake haigusi kitu cha kusukuma huacha kupigana. Huanza na manyoya ya kidari na tumboni, ambayo ni mafupi na machafu na huwekwa kando. Hapo mkono wa kushoto hufunika chuchu za jike, au ala ya uume wa dume, kabla ya blade kupita. Kisha hufuata mguu wa nyuma, shingo ikiwa imenyooshwa, bega, na mikato mirefu ya mgongoni kondoo akiwa amelazwa ubavu, hadi upande wa pili. Wakati wote mkono usio na mkasi huvuta ngozi ikaze, kwa kuwa ngozi ya kondoo, hasa ya Merino, ina mikunjo, na mkunjo uliolegea ndio unaokatwa. Mzoefu mwenye mashine humaliza kondoo kwa dakika 2 au 3. Anayejifunza kwa mkasi wa mkono huweza kutumia nusu saa, na hakuna aibu katika hilo. Haraka yake ndiyo inayomtoa mnyama damu.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kurudia. Mkato wa kwanza ukipita juu ya ngozi na kuacha kimo cha kidole, mnyoaji hupita tena ili kusawazisha, na vipande vifupi vinavyodondoka huchanganyika na nyuzi ndefu na kushusha thamani ya sufu yote, maana kiwanda hutaka urefu ulio sawa. Afadhali kondoo abaki na mistari. Itatoweka baada ya wiki chache. Majeraha hupakwa iodini papo hapo. Vijana wanyolewe kwanza na wazee mwisho, na yeyote mwenye jipu shingoni au begani awe wa mwisho kabisa, kwa kuwa blade ndiyo inayobeba usaha kutoka ngozi moja hadi nyingine. Josho hungoja wiki 2 hivi, mikwaruzo ikishapona, lakini lisingoje sana, kwa sababu dawa ya upele hufika kwenye ngozi vizuri zaidi wakati manyoya bado ni mafupi. Kwa usiku kadhaa wa kwanza kondoo walale chini ya paa. Mvua moja ya baridi yenye upepo inaweza kuua kundi lililonyolewa jana.

Thamani ya sufu imeporomoka katika maisha ya watu ambao bado wanafuga. Nyuzi za viwandani zilishaanza kuibana, na mwaka 1991 ulipovunjika mpango wa Australia wa kuhakikisha bei ya chini, shehena kubwa iliyokuwa imerundikwa ilikandamiza soko la dunia kwa miaka mingi. Mkulima wa Kinangop mwenye kondoo 15 alibaki na magunia ambayo nauli yake ilikaribia bei yake. Hata hivyo sufu safi bado ina wanunuzi, wakiwemo wasokotaji na wafumaji wa mazulia wa maeneo ya Nanyuki, nao hulipa kwa kutazama kile ambacho mfugaji mwenyewe anaweza kukirekebisha. Sufu itandazwe juu ya turubai safi, upande wa ngozi ukiwa chini, na kingo zenye kinyesi na mkojo zing'olewe kwa mkono. Nyeusi isichanganywe na nyeupe, kwa sababu nyuzi chache nyeusi hazitoki tena na huizuia sufu yote kutiwa rangi nyepesi. Alama za kundi zisipakwe kwa rangi ya mafuta, ambayo haioshiki. Na sufu ifungwe katika gunia la pamba lililopigwa vumbi vizuri, si katika mfuko wa nailoni wa mbolea au sukari, ambao hupukutisha nyuzi zake nyeupe ndani ya sufu, nyuzi ambazo hakuna jicho linaloziona hadi blanketi litiwe rangi.